Jinsi Pimbi Alivyowakondesha Mbuzi wa Chui

Haya jamani, nimekuja nayo!

— Ilete tuione!

Niilete nzima au nusu?

— Nzima, na mkia wake!

Mmekaa kivulini?

— Tumekaa kivulini!

Basi kaeni hapo hapo, msisogee, maana ninakowapeleka mimi kivuli kilikuwa kidogo.

Hapo kale palikuwa na kilima cha mawe katikati ya nyika. Juu mawe, chini mawe, na katikati ya mawe nyufa. Humo kwenye nyufa aliishi Pimbi na ukoo wake. Mnamjua pimbi? Kimnyama cha kahawia, hana mkia, hana shingo, amefura kama mto wa kulalia uliojazwa sufi kupita kiasi. Kazi yake ya asubuhi ni kuota jua. Kazi yake ya mchana ni kulala ufani kwenye ubaridi. Pimbi wetu huyu alikuwa mdogo kuliko wenzake wote, lakini kwa maneno hakuna aliyemfikia. Alikuwa na maneno kwa kila tukio, na alipenda kuyasikia mwenyewe yakitoka.

Siku moja alishuka chini ya kilima kutafuna majani. Akatafuna tafu, tafu, tafu. Majani yalikuwa matamu, akasahau kuangalia nyuma. Mara, pu! Kitu kizito kikamtua mgongoni. Kucha tano. Manyoya ya madoa.

"Shikamoo, Bwana Chui," Pimbi akasema, pua yake ikiwa mchangani.

"Marahaba. Nyamaza nikule."

"Nanyamaza, Bwana. Nilikuwa nakuonea huruma tu."

Chui akastaajabu. "Unionee huruma mimi? Wewe uliye chini ya kucha zangu?"

"Mimi ni tonge moja, tena tonge la manyoya. Utakohoa mpaka jioni. Na kule korongoni una mbuzi saba."

Ni kweli, Chui alikuwa na mbuzi saba. Walikuwa wamepotea wakati wafugaji wanahama kufuata maji. Wakatembea siku tisa peke yao, wakasikia harufu ya kidimbwi, wakaingia korongoni. Korongo lile lilikuwa na kuta ndefu pande zote na mlango mmoja tu, mwembamba. Chui alipowaona wameingia, alikwenda akakaa mlangoni.

"Nimewaona," Chui akasema. "Mifupa mitupu. Leo nakula wewe, kesho naanza kula mifupa."

"Kwa nini ule mifupa, Bwana, na nyama ipo njiani? Niache niwanenepeshe. Sisi pimbi tunapanda miti. Tutawadondoshea maganda ya migunga na majani mabichi. Saba waliokonda utawamaliza kwa wiki. Saba walionona, utakula mpaka masika."

Chui akafikiri. Mate yakaanza kumdondoka, to, to, to, juu ya kichwa cha Pimbi.

"Wewe unataka nini?"

"Nataka neno lako tu. Mpaka siku watakaponona, hugusi mbuzi, hugusi pimbi."

"Nimekubali. Wasiponona, naanza na wewe, halafu shangazi zako, halafu watoto wa shangazi zako."

"Watanona, Bwana."

Kucha zikaondoka mgongoni. Pimbi akakimbia tiki, tiki, tiki mpaka ufani kwake, akalala kifudifudi.

Kesho yake kazi ikaanza. Ukoo mzima wa pimbi ukapanda migunga juu ya korongo, ukatikisa matawi. Maganda yakashuka paa, paa, paa. Mbuzi wakala. Wakanywa maji ya kidimbwi, wakalala kwenye kivuli cha ukuta wa mawe, wakacheua. Baada ya siku kumi manyoya yao yalianza kung'aa.

Mkubwa wa mbuzi wale aliitwa Bi Kishungi, kwa sababu ya manyoya yaliyosimama utosini mwake. Alikuwa mbuzi wa makamo, mpole, mwenye mvi kidevuni. Hakuwa msemaji. Siku ya kumi na moja alimwita Pimbi pembeni.

"Mdogo wangu," akasema, "nakushukuru kwa chakula. Lakini unatulisha ili tuliwe."

Pimbi alipokuwa chini ya kucha zile alifikiria mgongo wake tu. Sasa akawatazama mbuzi saba walivyojaa mapajani, akaona aibu.

"Mkinona, mnakufa," akasema polepole. "Msiponona, nakufa mimi na ukoo wangu. Dada Kishungi, hivi hakuna kitu kinachomkondesha mbuzi hata kama chakula kipo mbele yake?"

"Kipo," akasema Bi Kishungi. "Jua."

"Jua? Mimi jua ndilo linaloniamsha!"

"Wewe unakaa juani asubuhi, mchana unaingia ufani. Tumbo la mbuzi ni jiko, mdogo wangu. Nikila, majani yanachacha humo ndani, yanatoa moto. Wakati wa baridi moto huo ni neema. Jua likiwa kali, moto wa nje unakutana na moto wa ndani. Nitafanya nini? Naacha kula, nisiongeze kuni. Halafu natweta ili nipoe. Na kutweta si bure. Ni kazi kama kupanda mlima. Kile kidogo nilichokula kinatokea puani."

Pimbi akaruka kwa furaha. "Basi mtakonda na maganda yapo miguuni penu! Mafuta yote yatayeyuka!"

"Hapana. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Njaa ndiyo inayokula mafuta kwanza. Joto linayaacha mafuta yamelala pale pale, linakula nyama. Unaweza kuisha mapaja na mafuta ya figo yapo. Ndiyo maana lazima tupime. Juani kidogo, kivulini kidogo. Nyama iliyoliwa na jua hairudi upesi."

"Tutapima," Pimbi akasema. "Niachie mimi."

Siku ile ile akapanda kwenye mwamba ambapo Chui alipenda kujinyoosha.

"Bwana Chui, mbuzi wameanza kunona, lakini ni unene wa maji. Wanakaa mno kivulini. Unene wa kweli huletwa na jua."

"Nani kasema?"

"Nitazame mimi. Nakula majani machache, ukubwa wangu ni wa ngumi, na ni mviringo. Kwa nini? Kila asubuhi unaniona niko wapi?"

"Juani," akasema Chui.

"Enhe!"

Chui akamtazama Pimbi: tumbo la mviringo, mashavu ya mviringo, hata miguu ya mviringo. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho yake. "Waweke juani," akaamuru.

Ikawa hivyo. Kila asubuhi Bi Kishungi aliwatoa mbuzi kivulini, akawapanga katikati ya korongo ambako hapana hata kijiti. Jua likapanda. Mbuzi wakaacha kula. Masikio yakalala. Midomo ikafunguka. Wakaanza kutweta, he-he-he-he, mbavu zinapanda, mbavu zinashuka. Maganda ya migunga yakawa mbele yao kama zawadi wasiyoitaka.

Lakini Chui hakushinda pale. Jua likianza kuuma alikwenda zake bondeni kuwinda kanga na kenge. Mbuzi wasingeweza kutoroka, maana njia ya mlangoni ilishukia huko huko bondeni. Akiisha kupotea, Pimbi alipiga mluzi, fyuu! Mbuzi wakakimbilia kivulini, wakanywa maji, wakapoa, wakala kidogo. Chui akionekana anarudi, fyuu! Mbuzi hao, juani tena, wanatweta kama walioshinda pale.

Baada ya siku saba Chui akaja kuangalia mali yake. Akaja nyata, nyata, nyata. Akaminya paja la mbuzi wa kwanza. "Mh." Akaminya la mbuzi wa pili. "Mh."

"Pimbi! Mbona wamepungua?"

"Bado, Bwana. Jua huanzia mfupani. Likiisha kujaza mfupa, linakuja kwenye nyama."

Baada ya siku saba nyingine, Chui akaja tena. Nyata, nyata, nyata. Akaminya paja. "Mh." Akaminya mbavu. Mbavu zikamminya yeye.

"Pimbi! Hii si nyama, hii ni ngazi!"

"Bado, Bwana. Jua huanzia mfupani. Mfupa wa mbuzi ni mrefu."

Chui akaondoka anaguna. Pimbi wenzake waliokuwa wamejificha nyufani wakacheka mpaka wakapaliwa, kwi-kwi-kwi. Wakamfanya Pimbi arudie maneno yale. Akarudia. Wakamfanya arudie tena. Akarudia, safari hii akaongeza sauti ya Chui na mwendo wa Chui. Na kusema kweli, kuanzia hapo Pimbi alianza kuipenda kazi ile kwa sababu nyingine.

Mara ya tatu Chui hakunyata. Alikuja moja kwa moja, amekasirika. Yeye mwenyewe alikuwa amekonda. Kanga walikuwa wameshamjua, kenge wamehama, na pimbi alikuwa amekatazwa. Akaminya mbuzi wa kwanza mpaka wa sita, akawaacha. Akafika kwa Bi Kishungi. Mgongo wa Bi Kishungi ulikuwa kama ukingo wa sufuria, lakini chini tumbo lilikuwa limejaa.

"Huyu hapa!" Chui akasema. "Huyu amenona. Namla leo."

Pimbi akalitazama lile tumbo. Akaona kitu kikisogea ndani, kidogo, upande wa kulia. Hapo akaelewa. Bi Kishungi alikuwa na mimba. Alikuwa nayo tangu siku ya kwanza, na hakuwa amesema.

"Bwana wangu, usiguse!" Pimbi akapiga kelele. "Hilo ni joto! Joto limekusanyika tumboni halijasambaa. Ukimla sasa litakuunguza utumbo. Wangapi nimewaona!"

Chui akarudisha mkono. "Basi mimi nifanye nini? Nimengoja, nimengoja, sasa nakonda mimi."

Na Pimbi, ambaye maneno yalimjia kabla hajayaita, akasema: "Kwani wewe umeshawahi kuota jua, Bwana? Mbuzi wanaota jua, mimi naota jua, wewe unashinda vichakani. Lala kwenye mwamba wa mlangoni. Nguvu zitakurudia, na mbuzi utawaona kwa macho yako."

Chui akalala kwenye mwamba wa mlangoni.

Jioni Pimbi alishuka kwa Bi Kishungi.

"Dada, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeweza kuacha mpango?"

Pimbi akakwaruza mchanga kwa kucha.

"Basi. Lakini sasa yuko mlangoni mchana kutwa, kivulini hatuwezi kwenda. Tutaweza siku mbili. Labda tatu. Yeye jua litamlegeza kama linavyotulegeza sisi. Akishindwa kuruka tu, tunapita. Siku hiyo hiyo. Umenisikia?"

"Nimesikia, Dada. Siku hiyo hiyo."

Siku ya kwanza Chui alilala juu ya mwamba tangu asubuhi. Mwamba ukapata moto kama kikaango. Saa nne akafungua mdomo. Saa sita ulimi ukawa nje, he-he-he-he. Mbuzi wanatweta ndani, Chui anatweta mlangoni, korongo lote he-he-he-he. Na Pimbi? Jua lilipoanza kuuma, aliingia ufani kwake kwenye ubaridi, akawa anachungulia.

Siku ya pili Chui hakwenda kuwinda hata jioni. Alisema hasikii njaa.

"Ndiyo dalili ya unene, Bwana," akasema Pimbi.

Siku ya tatu kanga mmoja alipita mbele ya mwamba, karibu kabisa na masharubu ya Chui. Chui akatupa mkono, pwaa! Akapiga jiwe. Kanga akaenda zake hata bila kukimbia. Chui akalaza kichwa chini, macho mekundu.

Bi Kishungi aliona. Alikuja ukutani, chini ya ufa wa Pimbi, akitembea kwa shida, miguu ya nyuma imepanuka.

"Mdogo wangu. Leo. Twende leo, sasa hivi."

Pimbi akatoa kichwa. Kweli, Chui alikuwa amekwisha. Mbuzi saba wangeweza kupita. Angepiga mluzi mmoja tu, fyuu, na hadithi hii ingekuwa fupi, na mimi ningewaacha mwende mkacheze.

Lakini asubuhi ile Pimbi alikuwa ametuma ujumbe kilima kizima. Kesho, saa sita, njooni wote juu ya korongo muone. Shangazi zake waje, pimbi wa kilima cha pili waje, hata wale waliomcheka utotoni kwamba ni mdogo kama kokwa. Alikuwa ametayarisha maneno. Alikuwa ameyasema peke yake ufani mara nne, na kila mara yalikuwa mazuri zaidi.

"Kesho, Dada," akasema.

"Kesho kwa nini?"

"Leo bado anaweza kunyanyuka. Kesho hata mkia hatainua. Siku moja zaidi tu. Kwa usalama wenu."

Bi Kishungi aligeuka, akautazama mlango. Angeweza kuondoka bila ruhusa, njia ilikuwa mbele yake. Lakini Pimbi ndiye aliyewafikisha pale wakiwa hai, na mbuzi wenzake walimsikiliza Pimbi.

"Wewe ndiye unayejua," akasema, akarudi katikati ya korongo. Akasimama juani na wenzake.

Siku ile ya kesho jua lilitoka likiwa na hasira. Upepo haukuwepo. Kufika saa tano mawe yalikuwa yakilia ta, ta, yanapasuka. Pimbi wa vilima viwili walijazana juu ya korongo, wamejibana kwenye vivuli vya mawe. Chui alikuwa amelala ubavu mlangoni, pumzi yake fupi fupi.

Saa sita Pimbi akatokea. Akasimama juu ya jiwe, mbele ya pua ya Chui kabisa, akakohoa kidogo.

"Bwana Chui! Nilikuambia jua huanzia mfupani. Leo limefika kichwani, maana kichwa ndicho kilichokuwa kitupu kuliko vyote!"

Kwi-kwi-kwi! Korongo likacheka.

"Bwana Chui! Ulitaka saba walionona. Tazama, wanapita saba waliokonda, na wewe wa nane umewazidi!"

Kwi-kwi-kwi-kwi!

Chui akajaribu kuinua mguu. Mguu ukainuka, ukaanguka, pu. Pimbi akaendelea. Alikuwa na maneno mengine, na mengine tena. Akaigiza mwendo wa Chui. Akaigiza anavyominya paja. Shangazi zake wakalia kwa kicheko. Halafu ndipo akapiga mluzi, fyuu!

Mbuzi wakatoka. Mmoja akaruka mkia wa Chui. Wa pili akaruka. Wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita. Kilima chote kikashangilia.

Wa saba hakutoka.

Pimbi alingoja huku bado anatabasamu. Kisha akaacha kutabasamu. Akakimbia ndani ya korongo, tiki, tiki, tiki, mchanga ukimchoma nyayo. Kwa mara ya kwanza tangu mpango uanze, alikuwa chini kule saa sita mchana. Hewa ilikuwa kama ya tanuri. Alihisi kichwa kinamzunguka kabla hajafika katikati.

Bi Kishungi alikuwa amejikokota mpaka kwenye ukuta, kwenye kivuli chembamba kama kamba. Alikuwa amelala. Mbele yake palikuwa na kitoto cha mbuzi, kimeloa, kidogo kuliko Pimbi mwenyewe. Miezi yake ilikuwa haijatimia. Bi Kishungi alikuwa akikiramba. Alikiramba masikio, akakiramba mgongo, akarudi masikioni.

"Kimezaliwa lini?" Pimbi akauliza kwa sauti ndogo.

"Ulipokuwa unaigiza mwendo wake," akasema Bi Kishungi. "Nilisikia wanacheka."

"Kita... kitasimama?"

Bi Kishungi akaendelea kuramba. Pimbi akakaa karibu na kile kitoto, akakitazama ubavu wake. Ubavu haukupanda wala kushuka. Akavuta majani makavu, akakipepea. Akapepea, akapepea. Juu kule wenzake walikuwa wakimwita kwa jina, wakitaka arudie yale ya kichwa kitupu.

"Dada, twende," Pimbi akasema mwishoni. "Jua likipungua Chui atapata nguvu."

"Najua."

"Nitakufunikia mimi huyu. Nitamfunika vizuri kwa mawe. Chui hatamgusa."

Bi Kishungi akainuka kwa magoti ya mbele, kisha ya nyuma. Akapita mlangoni polepole sana. Hakuuruka mkia wa Chui, aliuzunguka, maana hakuwa na nguvu ya kuruka. Chui alimwona akipita. Hakuweza kufanya lolote.

Pimbi akabaki akibeba mawe, moja moja, mpaka mikono ikachubuka. Hakuna aliyeshuka kumsaidia. Wote walidhani bado anajenga kitu cha kuchekesha.

Chui alipona, kwa taarifa yenu. Jua lilipotua alijikokota mpaka kidimbwini, akanywa, akaondoka kilima kile, hakurudi. Na tangu siku hiyo chui akitaka kupumzika mchana anapanda juu ya tawi lenye majani mengi. Hata umwambie jua ni dawa, hashuki.

Mbuzi wakakaa bondeni, mahali penye vichaka vizito. Mvua zikanyesha, nyasi zikaota. Sita wakajaa upesi kiasi. Bi Kishungi akachelewa. Maziwa yalikuwa yamemjia siku mbili, machache, hayana wa kuyanyonya, yakakauka. Mapaja yake yalibaki yamelegea mpaka mvua zilipokaribia kuisha.

Pimbi alimwendea siku nyingi baadaye. Alichukua muda kutafuta majani laini, yale ya juu kabisa kwenye mti, akashuka nayo mdomoni kwa sababu mikono ilikuwa ya kutembelea. Akayaweka chini mbele yake.

"Dada Kishungi, nilikosea."

"Ndiyo," akasema Bi Kishungi.

Pimbi alikuwa ametayarisha maneno njiani, lakini yote yalikuwa yamekimbia. "Nilisema ni kwa usalama wenu. Haikuwa hivyo. Nilitaka wanione. Nilidhani siku moja si kitu."

"Kwako ilikuwa siku moja."

Wakakaa. Nzi wakapita. Pimbi alitamani apigwe pembe, atukanwe, afukuzwe, angalau apate kitu cha kuondoka nacho. Bi Kishungi akainamisha kichwa, akachukua jani moja, akalitafuna bila haraka.

"Haya ni laini," akasema. "Yanatoka upande gani?"

"Upande wa mashariki. Juu."

"Unaweza kuyaleta tena, kama unapita."

Pimbi akayaleta kesho yake, na siku iliyofuata, na mvua zilipokwisha akaendelea kuyaleta. Hawakuzungumza mengi.

Kule kilimani habari ilikuwa nyingine. Pimbi wenzake waliisimulia kila asubuhi wakiota jua: jinsi Pimbi mdogo alivyomlaza Chui kwenye mwamba, jinsi alivyomwambia kichwa chake kitupu, jinsi mbuzi walivyoruka mkia mmoja mmoja. Katika hadithi yao mbuzi walikuwa sita. Wakifika kwenye maneno yale walimgeukia: "Hebu sema mwenyewe! Sema kama ulivyosema!"

"Jua limekuwa kali," Pimbi alijibu, hata kama ndiyo kwanza linachomoza. Akaingia ufani.

Basi jamani, mzigo wangu nautua hapa, bega limechoka.

— Utue, pumzika!

Mliosikia mmesikia, waliosinzia wataota.

— Tumesikia!

Na funzo? Au niende nalo nyumbani?

— Tuachie funzo!

Funzo ni hili, lishikeni vizuri. Mtu mwenye akili asikubali kuharakishwa. Angoje siku moja zaidi, hasa kama wanaosimama juani ni wengine. Na mkimwona mbuzi anatweta saa sita mchana, maganda yapo mbele yake hayagusi, msihangaike kumsogeza kivulini. Mwacheni hapo hapo. Huenda kuna mwerevu mahali fulani, amekaa ufani, hajamaliza hotuba yake.